Raketi peke yake haikumtoa Noah

Mhariri,

Kila ikifika mwisho wa Mei, michuano ya Roland Garros ikianza kule Paris na watu wa barazani wakaanza kuulizana habari za tenisi, hadithi moja hurudi. Husemwa hivi: mwaka 1971 Mmarekani mweusi Arthur Ashe alipita Yaoundé, Kamerun, akamwona mtoto anacheza, akampa raketi yake, na mtoto yule, Yannick Noah, akaenda kuwa bingwa wa Ufaransa. Hadithi nzuri, na sehemu yake kubwa ni ya kweli. Ila imekatwa katikati, na pale ilipokatwa ndipo penye kazi. Matokeo yake huku kwetu Unguja na Pemba ni kuwa kila anayetaka kuwasaidia watoto huleta raketi. Zinapokewa kwa picha, zinatiwa stoo, na masika mawili yakipita nyuzi zimelegea, mishikio imeota ukungu, na hakuna mtoto aliyejifunza kitu.

Yannick Noah alizaliwa Sedan, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, tarehe 18 Mei 1960. Baba yake, Zacharie Noah, alikuwa Mkamerun aliyesakata kandanda katika klabu ya Sedan, na mwaka 1961 alikuwemo katika kikosi kilichotwaa Kombe la Ufaransa. Mama yake, Marie-Claire Perrier, alikuwa mwalimu, Mfaransa. Baba alipoumia, familia ilirudi Kamerun mwaka 1963, Yannick akiwa na miaka mitatu. Kwa hiyo Ashe hakuokota mtoto njiani. Alimkuta kwenye klabu ya tenisi, mtoto wa mwanamichezo, naye alikwisha kuumudu mpira kiasi cha kumsimamisha mtu aliyekuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Marekani (US Open) ya mwaka 1968.

Raketi alipewa, hilo halina ubishi. Lakini zawadi kubwa ilikuwa ni Ashe kumfikishia habari Philippe Chatrier, mmoja wa wakubwa wa tenisi ya Ufaransa, ambaye jina lake leo limo kwenye uwanja mkuu wa Roland Garros. Shirikisho la Ufaransa likamchukua mtoto, likampeleka Nice, kwenye mpango unaofunga masomo na michezo katika ratiba moja: darasani saa kadhaa, kiwanjani saa kadhaa, kila siku ya skuli, chini ya walimu waliolipwa kwa kazi hiyo. Patrice Hagelauer, aliyekuja kuwa kocha wake, alikuwa naye hadi kwenye ubingwa. Wazazi walibaki Yaoundé. Mwaka 1977 ndipo kijana akaingia kwenye tenisi ya kulipwa. Mwaka 1978 akapata mataji yake ya mwanzo, Manila na Calcutta. Roland Garros yenyewe ilimgomea: mwaka 1981 alitolewa robo fainali, na mwaka 1982 robo fainali tena. Kutoka Ashe hadi kombe ni miaka 12. Hiyo ndiyo sehemu isiyosimuliwa.

Mwaka 1983 aliingia Paris akiwa ameshachukua Hamburg, mashindano ya udongo yenye uzito wake. Robo fainali alimtoa Ivan Lendl wa Chekoslovakia kwa 7-6, 6-2, 5-7, 6-0, na seti ile ya tatu ndiyo pekee aliyoipoteza wiki mbili zote. Nusu fainali akampita Mfaransa mwenzake Christophe Roger-Vasselin kwa 6-3, 6-0, 6-0. Fainali, tarehe 5 Juni, alikuwa na Mats Wilander wa Sweden, kijana wa miaka 18, tena bingwa mtetezi. Ikaisha 6-2, 7-5, 7-6. Alikuwa Mfaransa mwanamme wa kwanza kushinda pale tangu Marcel Bernard mwaka 1946, na kwa zaidi ya miaka 40 baada yake hakuna Mfaransa mwengine mwanamme aliyelinyanyua kombe lile. Picha ya baba mtu akirukia uwanjani kumkumbatia mwanawe ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa anayefundisha, chenye faida ni namna alivyocheza.

Udongo wa Paris huupunguza mpira mbio na kuudundisha juu, ndiyo maana wengi hukaa nyuma ya mstari wa mwisho wakirudishiana mpaka mmoja achoke. Wilander alikuwa fundi wa mchezo huo. Ukikaa naye nyuma, saa tatu baadaye bado yupo, na jasho hana. Noah, mtu wa mita 1.93, alikataa kukaa naye. Mpira wa kuanzia aliupiga kwa kuupangusa kwenda juu, si kuubamiza. Mpira wa namna hiyo huenda polepole kidogo, lakini ukidunda hupanda hadi begani mwa mpokeaji, mahali ambapo mkono hauna nguvu. Huo upole wake nao ni faida: kutoka mstari wa nyuma hadi wavuni ni mita 11.89, na mpira unapochelewa hewani mpigaji hupata hatua mbili tatu zaidi za kukimbilia mbele.

Silaha ya pili ilikuwa mpira wa kukata. Raketi inashuka nyuma ya mpira huku uso wake umefunguka kidogo, mpira unapita chini chini juu ya wavu, na ukigusa udongo hauinuki. Mpinzani analazimika kuinama na kuunyanyua, na mpira ulionyanyuliwa ndio anaoungojea mtu aliyesimama wavuni. Vijana wanaoiga kwa kutazama televisheni hukosea hapa hapa. Hukimbilia wavuni nyuma ya mpira wowote, hata ulioelea juu katikati ya kiwanja, kisha wanashangaa kupitwa ubavuni. Kosa la pili ni kuendelea kukimbia wakati mpinzani anapiga. Anayekwenda mbele anatakiwa asimame kwa miguu miwili, magoti yamekunjika, sekunde ile ile raketi ya mwenzake inapokutana na mpira, hata kama hajafika anapotaka. Hapo ataweza kwenda kulia au kushoto. Akiwa bado mbioni anaweza kwenda mbele tu.

Jambo moja hutatiza wengi: mtu wa kukimbilia wavuni namna hii angetazamiwa kutamba Wimbledon, mashindano ya Uingereza yanayochezwa kwenye majani, lakini huko hakuvuka raundi ya tatu. Tunavyoona sisi, sababu iko katika mdundo. Mpira wake wa kuanzia ulitegemea udongo uunyanyue. Majani hayaunyanyui, yanauteleza. Tena mtu mrefu huteseka na mipira inayokaa chini ya goti. Kwa hiyo anayesema Noah alikuwa mchezaji wa majani aliyebahatika kwenye udongo amegeuza mambo.

Jengine ni raketi aliyoshinda nayo. Ilikuwa ya mbao, na yeye ndiye mwanamme wa mwisho kuchukua taji la Grand Slam, yaani moja ya mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, kwa raketi ya mbao. Kichwa cha raketi za aina hiyo kilikuwa na eneo la kama sentimita za mraba 420, wakati za leo nyingi zina kama 645. Maana yake, mpira ukigusa pembeni kidogo, raketi ya mbao inageuka mkononi. Waliokulia nayo walilazimika kuwa na shabaha ya kupiga katikati. Kwenye hewa ya bahari raketi hizo hazikai: unyevu unaingia, gundi ya matabaka inaachia, kichwa kinapinda kama kata ya nazi iliyokauka vibaya. Ndiyo maana zamani ziliwekwa kwenye kibano cha mbao chenye skrubu nne. Mwenye nayo ukutani na aiache ukutani.

Yaliyobaki ya maisha yake ya uwanjani tunayapitia haraka. Mataji 23 ya mtu mmoja mmoja na 16 ya wawili wawili. Nafasi ya 3 duniani mwaka 1986, na mwaka huo huo nafasi ya 1 kwa wachezaji wa wawili wawili. Roland Garros ya wawili mwaka 1984 pamoja na Henri Leconte. Taji la Rome mwaka 1985. Nusu fainali ya Australia mwaka 1990. Kisha akawa nahodha asiyecheza wa timu ya Ufaransa, na hapo wengi humsahau. Mwaka 1991, kule Lyon, Guy Forget na Leconte waliwapiga Wamarekani waliokuwa na Pete Sampras na Andre Agassi, na Kombe la Davis, kombe la timu za taifa za wanaume, likarudi Ufaransa baada ya miaka 59. Akalichukua tena kama nahodha mwaka 1996 kule Malmö na mwaka 2017 kule Lille, na katikati yake, mwaka 1997, akawaongoza wanawake kushinda kombe lao. Aliimba muziki pia, kwa mafanikio. Mwanawe Joakim alikwenda kwenye mpira wa kikapu Marekani na mwaka 2014 akatajwa mlinzi bora wa ligi ya NBA.

Na tukiwa hapa, makosa mawili ya watangazaji. Noah hakuichezea Kamerun, aliichezea Ufaransa. Na jina lake ni Noah, halibadilishwi kuwa Nuhu, hata kama jina ni moja. Safina hakuwa nayo.

Sasa turudi Unguja na Pemba. Alichokuwa nacho mtoto yule ni vitu vinne vilivyopangika kwa foleni: mahali pa kupiga mpira, mwalimu, ratiba isiyopigana na skuli, na mashindano ya kujipima. Raketi inakuja ndani ya hayo. Sisi tumeanza na raketi, tena raketi za watu wazima, tukasubiri hayo mengine yajilete.

Cha kuanza nacho ni mpira. Mpira wa kawaida wa tenisi umejazwa hewa yenye shinikizo, ndiyo maana kopo likifunguliwa husikika mlio. Uzito wake ni gramu 56.0 hadi 59.4. Ukiuangusha kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu unatakiwa urudi juu baina ya sentimita 135 na 147. Mpira huo, kwa mtoto wa miaka minane aliyesimama nyuma, unampita juu ya kichwa. Mtoto anarudi nyuma, anapiga akiwa ameegemea kisigino, mkono umeinuka juu ya bega, na tabia hiyo akishaizoea haitoki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2012 sheria za kimataifa haziruhusu mpira wa kawaida katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Wanatumia ya aina tatu. Mwekundu una mbio pungufu kwa kama asilimia 75, wa rangi ya chungwa pungufu kwa 50, na wenye doa la kijani pungufu kwa 25.

Ipo pia mipira myekundu ya sponji. Hiyo ni ya ndani. Ikitolewa nje wakati wa kusi, upepo unaichukua na watoto wanashinda kuikimbiza. Ya nje ni ile yenye ngozi ya manyoya, mikubwa kidogo kuliko mpira wa kawaida.

Na mipira mikuukuu, ile iliyokwisha hewa, ambayo wageni huiacha kwa magunia? Isitupwe, wala isichanganywe. Mpira ukishafunguliwa kwenye kopo unavuja hewa polepole kupitia ganda lake hata kama hauchezwi, kwa hiyo karibu yote mnayopewa imekufa. Ipimeni kwa kipimo kile cha sentimita 254 pembeni ya ukuta uliochorwa mistari. Unaorudi zaidi ya 130 ni wa vijana. Baina ya 100 na 130 ni wa watoto wakubwa kwenye sakafu ya saruji, kwa sababu mdundo wake mdogo unakaribia ule wa kijani. Chini ya 100 haufai kupigwa na raketi kabisa. Ni mzito mkononi na unaumiza kiwiko. Huo ni wa kurushiana na kudakia. Viwango hivyo vya 130 na 100 ni vyetu kwa uzoefu, si vya sheria, lakini vinasaidia kuligawa gunia.

Kiwanja kamili ni mita 23.77 kwa 8.23, na 10.97 kwa upana kikichezwa na watu wanne. Hamna haja nacho kwa watoto wadogo. Kiwanja cha mpira mwekundu ni kama mita 11 kwa 5.5, wavu wa sentimita 80. Cha rangi ya chungwa ni kama mita 18 kwa 6.5. Sasa tizameni skuli zetu: nyingi zina kiwanja cha netiboli, na hicho ni mita 30.5 kwa 15.25. Vikilazwa kwa upande, viwanja vidogo vinne vinaingia humo, kila kimoja kikiwa na mita mbili na kidogo nyuma ya mchezaji na nafasi ya kupita baina ya kimoja na chengine. Watoto 16 wanacheza kwa wakati mmoja, wanne kila kiwanja. Kwa kiwanja kikubwa cha tenisi cha watu wazima wangecheza wanne, na 12 wangekaa chini wakichora mchanga.

Wavu ni kamba moja inayopita katikati kwa urefu wote. Kamba ya mita 30 inalegea, na ikilegea katikati inakuwa sentimita 60 badala ya 80, watoto wa viwanja vya kati wanajifunza kupiga chini mno. Wekeni nguzo tano fupi: vipande vya bomba vilivyosimikwa kwenye madebe yaliyojazwa zege. Madebe mawili ya mwisho ndiyo yanayobeba mvuto wote, hivyo yafungwe kwenye mti au ukuta, la sivyo yatabururwa taratibu kuelekea ndani. Kamba ya manila inatosha. Waya wa chuma tunaukataa kwa hewa yetu. Unakula kutu kutoka ndani na siku unapokatika unarudi kwa nguvu.

Chini ya kamba tundikeni nyavu chakavu za uvuvi. Jarife halifai, tundu zake ni kubwa na mpira unapita kama haukuona kitu. Chukueni nyavu ambayo tundu lake likivutwa mraba halizidi sentimita 5, maana mpira wa kawaida ulio mdogo kabisa unaokubalika una kipenyo cha sentimita 6.54. Ioshwe kwa maji baridi kabla ya kutundikwa, kwa ajili ya harufu na chumvi.

Kwa wavu wa kiwanja kikubwa, urefu wa katikati ni sentimita 91.4 na kwenye nguzo ni sentimita 107. Asiye na futi ana raketi: simamisha raketi moja ya mtu mzima, sentimita 68.5, halafu lalisha nyengine juu yake kwa upana wa kichwa. Inakaribia kipimo. Kosa lililoenea ni kuukaza wavu mpaka ukanyooka kama ubao. Katikati inakuwa juu, na vijana wanaozoea hapo wakienda kucheza kwengine mipira yao yote inatoka nje kwa nyuma.

Ardhi ndiyo penye taabu, hasa karibu na pwani. Mchanga haudundishi. Mtoto anayejifunza juu ya mchanga anazoea kuuwahi mpira hewani kwa hofu, hajui kuungoja. Hapa Roland Garros ina la kutufundisha. Ule wekundu unaoonekana kwenye televisheni ni vumbi la matofali ya kuchoma, tabaka la milimita 1 hadi 2 tu. Chini yake kuna sentimita 6 au 7 za mawe ya chokaa yaliyosagwa, meupe, kisha masalia ya makaa ya mawe yaliyochomwa, kisha kokoto. Uwanja wenyewe ni chokaa, wekundu ni poda ya uso. Nasi visiwani kwetu mawe ya chokaa tunayo tele. Kifusi cha mawe hayo kikipepetwa, kikatandazwa kwa matabaka ya sentimita 5, kila tabaka likamwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya jengine, kinatoa uso unaodundisha vya kutosha kwa mpira mwekundu na wa chungwa. Matofali ya kuchoma hatunayo na hatuyahitaji.

Mambo mawili yanaharibu kazi hiyo. La kwanza ni kumwaga kifusi chote kwa pamoja na kushindilia juu tu. Juu kunakuwa kugumu, chini kumebaki hewa, masika ya kwanza kunabonyea. La pili ni mteremko. Maji yanahitaji kama sentimita 1 kwa kila mita 1, upande mmoja mpaka wa pili, uso mmoja. Mafundi wengi hupenda kuinua katikati kama barabara, mteremko uende pande zote mbili. Kwa tenisi hiyo ni hasara: kila mchezaji anakuwa chini ya wavu kuliko vipimo vinavyosema. Uso mweupe pia unarudisha jua machoni, lakini saa sita mchana hakuna mtoto wa kuwekwa kiwanjani. Na kama kiwanja kinachorwa upya, urefu wa kucheza uelekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisimpige mtu usoni anapotupa mpira juu.

Sasa ndiyo tufike kwenye raketi. Ya mtu mzima ni sentimita 68.5. Mtoto wa miaka 5 au 6 anahitaji ya sentimita 53, wa miaka 7 au 8 ya 58, wa miaka 9 au 10 ya 63.5. Kipimo cha haraka: mtoto asimame wima, mkono umening'inia, raketi inaelekea chini, kichwa cha raketi kiguse ardhi kidogo tu. Kikiburura, ni ndefu. Mtoto akipewa ndefu huishika juu, karibu na shingo, kitako cha mshikio kinamgonga tumboni na anajifunza kupeleka mkono mbali na mwili. Zile za watu wazima zilizomo stoo wapewe wa miaka 12 na zaidi. Zisikatwe msumeno, mizani yake inaharibika na mwisho unapasuka.

Nyuzi za utumbo wa ng'ombe, ambazo wageni wengine hujivunia, hazifai kwa unyevu wetu. Zinavimba, zinachanika nyuzinyuzi. Za poliesta ni ngumu na zinapoteza mkazo haraka, tena zinautikisa mkono wa mtoto. Nailoni ya kawaida, mkazo wa kilo 22 hadi 24, inatosha. Uzi ukikatika kiwanjani, zote zikatwe siku hiyo hiyo, kuanzia katikati kwenda nje kwa pande zote. Zikiachwa, upande uliokatika umelegea na wa pili unavuta, na fremu inapinda. Raketi nyingi za misaada zimekufa kwa hilo, wala si kwa kuchezewa vibaya. Mshikio ufungwe utepe mpya wa juu jasho linapoanza kuufanya uteleze, na raketi ifutwe kwa kitambaa cha maji baridi baada ya kucheza karibu na bahari. Stoo ya mabati ni tanuri, zining'inizwe chumbani.

Skuli isiyo na kiwanja kabisa bado ina ukuta. Noah mwenyewe mwaka 1996 alianzisha jumuiya ya kuwapelekea tenisi watoto wa mitaa ya kimaskini Ufaransa, na jina lake, Fête le Mur, linachezea neno ukuta. Ukuta wa mawe uliopigwa lipu mbaya unarudisha mpira pembeni, mtoto anakata tamaa. Sehemu ya mita 4 kwa mita 2.5 ipigwe lipu laini ya saruji, mstari wa rangi wa sentimita 5 uchorwe kwenye urefu wa sentimita 80 kwa wadogo na 91.4 kwa wakubwa. Mtoto asimame mita 5 au 6, mpira mwekundu. Dakika 15 za ukutani zinampa mipigo mingi kuliko saa nzima ya kungoja foleni.

Ratiba ndiyo iliyokuwa siri ya Nice. Mtoto wetu ana skuli, kwa wengine kwa zamu ya mchana, ana chuo cha Kurani, ana kazi za nyumbani. Mwalimu anayemtaka saa tatu mfululizo Jumamosi atampoteza baada ya mwezi. Dakika 60, mara tatu kwa wiki, baina ya alasiri na magharibi, zinafaa zaidi, na zikubaliwe na mwalimu wa chuo kabla ya kutangazwa, si baada. Mwezi wa Ramadhani wapumzike mbio; wafanye ya kudaka na kulenga tu. Wasichana wasiachwe kwa kisingizio cha nguo. Suruali ndefu haizuii mpigo wowote. Mtandio ubanwe nyuma, ncha zisining'inie mbele, kwa sababu raketi inapopanda ndipo inaponasa.

Mhariri, tunaomba ukurasa wako wa michezo, Roland Garros ijayo, mkiisimulia habari ya Ashe na Noah, muitie na ile miaka 12. Na kwa wafadhili, pamoja na ndugu zetu walioko nje wanaouliza walete nini: msilete raketi kwanza. Kwa skuli moja leteni mipira myekundu 24 ya nje, mipira ya rangi ya chungwa 24, kamba ya manila ya mita 40 na raketi 16, nane za sentimita 53 na nane za 58. Madebe, zege, mabomba na nyavu chakavu vinapatikana hapa hapa, kuanzia Mkoani hadi Nungwi.

Walimu wa tenisi ya watoto,
Unguja na Pemba